Nailoni ya Pikipiki

Mume wangu aliponunua pikipiki ya bei nafuu Sumbawanga mjini, alikataa kubandua nailoni ya dukani. Alisema ikitoka, kutu itaingia. Msimu wote wa mvua aliilaza sebuleni, na kila Jumapili aliiosha juu ya nailoni hiyohiyo. Mimi nilipeleka ulezi sokoni kwa miguu, debe kichwani, tope hadi magotini. "Barabara ikikauka nitakupeleka, mama watoto," aliniahidi.

Ilipokauka, akawaita majirani waje waone inavyong'aa, akabandua. Rangi ikatoka pamoja na nailoni. Maji ya kuoshea yalikuwa yamejipenyeza chini, tenki limeliwa na kutu. Majirani walimpa pole kama aliyefiwa. Mimi na tope langu, nani alinipa?

Kesho yake alinituma mjini nikamnunulie msasa. Kwa miguu, kama kawaida.