Banda la Muda

Watu wa maonyesho ya Nanenane walipoondoka walituachia banda. Sikuwashukuru. Mwaka mzima kabla ya hapo, siku ya kliniki, mzani wa watoto ulining'inizwa kwenye tawi la mwarobaini, na sisi kina mama tumeanikwa juani kama pamba. Nani alituonea huruma?

Banda lenyewe lilijengwa kwa akili. Nguzo za mikaratusi, kuta zinaishia kiunoni ili upepo upite, bati juu, na viungo karibu vyote vimefungwa kwa waya badala ya misumari, ili libomolewe upesi. Mlango mmoja umeandikwa INGIA HAPA, wa upande wa pili TOKA HAPA. Juu kabisa: MAZAO BORA YA MKOA WETU. Tulipohamishia mzani mle, watoto wakaning'inia chini ya maandishi hayo, hata nesi alicheka.

Kliniki iliyofuata, likaja lori. Fundi akapanda ngazi, koleo mkononi.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama. "Mtoe mtoto kwenye mzani, tunabomoa."

"Kwani limewakosea nini?"

"Hili ni banda la muda, mayu."

"Muda gani?"

Akaubana kwa koleo waya wa nguzo ya mzani. Nikamfokea: "Ukikata waya huo, mtoto wa mtu anaanguka. Subiri foleni iishe!"

"Haya. Iishe."

Haikuisha. Aliyepimwa alitokea TOKA HAPA, akazunguka nyuma ya banda, akarudi INGIA HAPA. Nesi akajifanya haoni. Mwanangu kila raundi uzito unapanda, maana nilikuwa namnyonyesha kwenye foleni.

"Huyu anakua kama boga," nesi akasema, uso mkavu.

"Wa kofia nyekundu nimeshamwona!" fundi akapiga kelele kutoka juu.

"Huyu ni pacha wake!" mama yake akajibu.

Dereva akapiga honi weee, akachoka, akapakia meza za maonyesho tu. Fundi akashuka anacheka. Akatoa misumari kwenye lori, akaigongelea kwenye nguzo ya mzani.

"Waya huu hauwezi upepo wa masika," alisema. "Ofisini nitawaambia foleni haijaisha. Ila mayu, huo muda ukiisha, utaniambia?"

"Kliniki ya mtoto ni mpaka miaka mitano," nikamwambia. "Na huyu ndiye wa kwanza."