Gome la Mparachichi wa Shangazi

Kitaluni wananiita fundi. Wakiniita hivyo natamani ardhi inimeze, maana fundi ni shangazi yangu, dada wa baba, na mimi kazi hii nimefundishwa na yeye. Mnisamehe nikipandisha sauti. Jambo hili bado linaniuma.

Shangazi ni mjane. Kazi yake kwenye kitalu cha matunda ilikuwa kubebesha miche: unakata kichwa cha mche ulioota kwa mbegu, unachonga kijiti cha mti unaozaa vizuri, unakipachika pale na kukikaza kwa ukanda wa plastiki. Siri yote iko kwenye utando mwembamba wenye utelezi, chini tu ya gome. Utando wa mche na wa kijiti zikigusana, zinaungana. Zisipogusana, umefunga kuni. Na vijiti vyote vya parachichi vya kitalu chetu vilitoka kwenye mti mmoja, mparachichi uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Wateja walipelekwa kuonja matunda yake kabla ya kununua. Mti ule ndio uliokuwa heshima yake mjini.

Mwanawe wa pekee, ambaye tangu utotoni tunamwita Bosi kwa vile hapendi kutumwa, alikitaka kiwanja kile ajenge vyumba vya kupangisha. Shangazi akamjibu mbele yangu, "Mti ukifa wenyewe, jenga hata ghorofa. Ukiwa hai, usiuguse."

"Haya mama, yaishe," Bosi akasema huku anacheka. Nami mjinga nikadhani yameisha kweli.

Msimu uliofuata mparachichi ulitoa maua ambayo sijapata kuyaona. Matawi yote yalifunikwa, nyuki wanavuma mpaka jikoni. Shangazi akawa anatembea kifua mbele. Wateja wakija anawaonyesha jinsi ua la parachichi linavyofunguka mara mbili: kwanza linafunguka likiwa jike, linajifunga, kesho yake linafunguka tena likiwa dume. "Ndivyo walivyo madume," anawaambia, "hufika kazi imekwisha!" Watu hoi kwa kicheko. Matunda nayo yakaja, mengi, ingawa madogo. Bosi ndiye aliyesifia kuliko wote. "Mama, mkono wako una baraka!" Mnafiki mkubwa yule!

Siku moja tulikwenda kukata vijiti, mimi na shangazi. Akainamisha tawi hili, akainamisha lile, asikate hata kijiti kimoja. Hakukuwa na chipukizi hata moja, na majani yalikuwa yamepauka.

"Mti unaozaa hivi bila kuchipua una neno," akasema.

Akapiga magoti, akafukua nyasi zilizotandazwa shinani. Nyasi zile alizitandaza Bosi mwenyewe, tukamshukuru kwa kumsaidia mama yake. Chini yake gome lilikuwa limetolewa, upana wa kiganja, kuzunguka shina lote.

Nawaeleza alivyonieleza. Maji hupanda kwa sehemu ngumu ya ndani ya shina, kwa hiyo majani hubaki mabichi na wewe unapita bila kushtuka. Lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa njia ya gome. Gome likitolewa pande zote, chakula kinakwama juu, mti unakimwaga chote kwenye maua na matunda, huku chini mizizi inakufa njaa. Kumbe tulichokuwa tunashangilia msimu mzima ni kifo!

"Nani kafanya unyama huu?" nikafoka.

Shangazi akapitisha kidole gumba kwenye jeraha. Mikato miwili ilikuwa imenyooka, na katikati utando umekwanguliwa wote ili gome lisirudi. Asiyejua angekatakata kwa panga na kuacha utando, na gome lingejifunga tena.

"Nilimfundisha mwenyewe," akasema polepole. "Kwenye tawi la mlimao lililokataa kuzaa, alipokuwa bado shuleni." Jina hakulitaja.

Palepale akaanza kuuokoa. Akachonga vijiti virefu ncha zote mbili, akavipachika chini na juu ya jeraha viwe madaraja ya kushushia chakula. Tukiwa katikati ya kazi, Bosi akarudi kutoka kazini, akatukuta.

"Njoo ushike hapa, baba," shangazi akamwambia bila kumtazama.

Akashika. Jasho lilimtoka kama mtu aliyekimbia. Nilifungua mdomo nimpasulie ukweli, shangazi akanitupia jicho, nikaufunga.

Vijiti vilikaa vibichi kwa muda, vikatutia moyo, kisha vikakauka kimoja kimoja. Mizizi ilikuwa imeshaoza, hapakuwa na wa kukipokea hicho chakula. Majani yakapukutika. Bosi akaleta waashi hata kisiki hakijang'olewa.

Mwenye kitalu alipokuja kuuliza mti umekufa kwa nini, Bosi alikuwa amesimama pale. Shangazi akajibu, "Ugonjwa wa mizizi. Sikuuwahi."

"Anaponya miti ya watu, wa kwake umemshinda!" Bosi akasema, na waashi wakaangua kicheko. Shangazi naye akacheka kidogo. Mwenye kitalu hakucheka. Kwake yeye, mti mama uliokufa kwa ugonjwa maana yake fundi amekuwa akiwauzia wateja ugonjwa katika kila kijiti. Kesho yake akamnyang'anya kisu cha kubebeshea, akanipa mimi, na shangazi akapelekwa kujaza udongo kwenye vifuko.

Nimemsihi mpaka nimechoka. "Shangazi, sema ukweli. Neno moja tu, kisu kinarudi kwako."

"Na mwanangu aitwe nani mtaani?"

"Aitwe alivyo!"

"Wewe hujazaa," akanijibu, akavuta kifuko kingine.

Jana Bosi alipita kitaluni kutafuta miche ya maua ya kupamba mbele ya vyumba vyake. Akamkuta mama yake ameinama kwenye lundo, udongo mpaka kwenye viwiko. "Mama, si upumzike tu nyumbani?" akamwambia. Shangazi akajifuta mikono kwenye kanga, akamchagulia miche iliyo bora, akambebea mpaka getini.