Jezi Zilizobaki kwa Kamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beseni, pasi na onyo. Nilikuwa nimetoka soko la Kariokor, ambako nilipaka rangi mishipi na sandali za ngozi, na katibu wa klabu yetu ya soka hapa Eastlands, Nairobi, alikuwa akitafuta mtunza jezi. Akaniambia, "Mchezaji akikosa goli, huo ni mpira. Wewe ukisahau soksi moja, huo ni uzembe."

Vijana wanaidharau kazi hii, na hawaijui. Mtunza jezi hufua, hupiga pasi, hukaza njumu, vile vidude vya chini ya kiatu vinavyoshika nyasi, na kila safari hufunga seti mbili: kwetu sisi ni nyekundu, na nyeupe iwapo wapinzani nao ni wekundu. Mimi nilifulia kwangu mtaani Umoja, juu ya paa la gorofa, kwa sababu mfereji wa klabu ulikuwa na tabia zake za kukauka. Majirani walijua ratiba yetu kwa kuangalia kamba yangu. Makocha walikuja wakafutwa, wakaja wengine wakafutwa pia. Mimi nilibaki, na sioni haya kujisifu.

Msimu wangu wa mwisho kabla ya kustaafu tulitwaa kombe, kwa hivyo tukapangiwa mabingwa wa ligi katika Kombe Kuu, ile mechi moja ya kufungua msimu mpya. Wadhamini waliipeleka Ghuba, kule Uarabuni, kwa Wakenya wanaofanya kazi huko. Nilikuwa sijawahi kupanda ndege. Nilitaka kitu kimoja tu, kustaafu bila doa.

Asubuhi ya mechi, kamishna, yaani msimamizi wa mchezo, aliamua mabingwa wavae nyekundu, sisi nyeupe. Nikarudi chumbani kufungua begi. Kaptura nyeupe zipo. Soksi zipo. Jezi hakuna hata moja. Ndipo nikakumbuka: mvua ilizilowesha jioni ya kuamkia safari, nikasema nitazianua asubuhi, na asubuhi hiyo kiherehere cha ndege kikaniondolea akili. Zote kumi na nane zilikuwa Umoja, kwa kamba.

Nilihisi aibu kubwa. Nikamwendea meneja wa timu, mama asiyependa mzaha, nikamwambia, "Kosa ni langu peke yangu."

"Mzee, sijauliza kosa ni la nani," akasema. "Tunavaa nini?"

Nikachukua jezi nyekundu nikaigeuza ndani nje. Jezi za siku hizi hupigwa rangi upande mmoja tu; ndani huwa nyeupe. Kilichokosekana ni nambari. Nilikuwa na kopo la rangi nyeusi ya ngozi, ambalo sijawahi kusafiri bila kulibeba, la kufufulia viatu vya wachezaji. Nikatoboa maumbo ya nambari kwenye boksi la chupa za maji, nikapaka rangi juu yake, jezi moja baada ya nyingine, nikikausha kwa pasi. Nahodha akanichungulia. "Mzee, kwani leo tunacheza na vesti?"

"Vaa, halafu ulete kombe," nikamjibu.

Kamishna alikuja, akarudi nyuma hatua kadhaa, akauliza, "Nambari inasomeka?" Meneja akasema inasomeka. "Basi vaeni."

Tulishinda moja bila. Mfungaji alikuwa nambari nane, na kufikia hapo nane yake ilikuwa imechuruzika hadi kiunoni. Wakenya jukwaani waliimba mpaka sauti zikakauka, na mimi nililia bila kuficha.

Nilipofika nyumbani, mke wangu, Mama Mutheu, alinipa chai kwanza, kisha akaleta beseni. Jezi zote zilikuwa ndani, zimekunjwa.

"Nilizianua kabla majirani hawajaja kutazama mechi hapa," akasema. "Hakuna aliyejua."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Meneja hakuwa amemtajia mtu kosa langu; wiki hiyo nilikabidhi funguo za stoo, nikaagwa kwa hotuba za kumsifu mtunza jezi asiyewahi kusahau kitu, nami nikanyamaza nikipigiwa makofi. Yale makofi yalininyima raha. Kazi niliyoipenda hivyo haikustahili kufungwa kwa uongo.

Kesho yake, mchana kweupe, nikapanda paani na lile beseni, nikaanika zote kumi na nane, zikiwa kavu. Haikuchukua muda, jirani wa chini akainua macho.

"Baba Mutheu, kwani hizo nyeupe hazikusafiri? Kwenye runinga tuliona nambari zikichuruzika."

"Hazikusafiri," nikasema. "Panda juu nikueleze."