Damu ya Baba Mkwe

Angetile alipoolewa Makwale kutoka Katumba Songwe, alikuja na godoro, masufuria, na onyo la mama yake: usimtaje. Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hamtazami usoni, hakai naye kibaraza kimoja, na akimwona anakuja njiani, ni juu yake kuingia migombani hata kama kuna siafu. Siku zile wasichana walikuwa wameanza kulegeza, lakini Angetile alishika adabu kuliko hata waliomfundisha. Mzee aliitwa Nsajigwa, maana yake aliyebarikiwa. Basi kanisani, wimbo wa Kinyakyusa ukifika penye baraka, watu wote wanapaza sauti, Angetile anafumba mdomo na kunguruma puani kama mashine ya kukoboa mpunga.

Mzee naye alikuwa na adabu zake. Alianza kukohoa akiwa bado kule kwenye mikakao ili mkwewe apate muda wa kujificha. Alikohoa hivyo miaka mingi, hata wageni wakampa pole ya kifua.

Mtoto wa kwanza wa Angetile, Asifiwe, alizaliwa mzima. Halafu akaanza kuvimba vidole, macho yakawa ya njano, akawa analia kwa maumivu ya mifupa. Walimpeleka zahanati, wakampeleka kwa waombaji, wakamvusha mto mpaka kwa ndugu wa Malawi waliosifiwa kwa mizizi. Wapi!

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kakao walikuja na mizani zao, mitumba ikafurika Kyela, na kila gari geni lililoingia kijijini lilitaka kitu. Siku moja likaja gari jeupe, refu, taa za mbele zilifika ofisi ya kijiji na bomba la moshi lilikuwa bado Tukuyu. Hilo lilitaka damu.

Daktari wa utafiti alikuwa kijana mpole kutoka mbali. Kinyakyusa chake kilikuwa "ndaga" tu, akaisema hata pasipostahili shukrani. Akaeleza kwamba kuna ugonjwa wa seli mundu unaotembea kwenye damu za ukoo. Anataka damu ya mtoto mgonjwa, ya baba na mama, ya babu na bibi.

"Tunatafuta ugonjwa tu," akasema. "Na kila kitu ni siri."

Kila aliyetoa damu alipewa mche wa sabuni, kwa hiyo walitoa hata wasio na mgonjwa nyumbani. Marta, mama mkwe wa Angetile, alitoa. Tuntufye, mumewe, alitoa huku amefumba macho. Jirani yao Zebedayo, mzee mfupi mwenye maneno marefu, alitoa na kuuliza kama akitoa mara mbili atapata miche miwili. Nsajigwa hakwenda. Atakwendaje, na mkwewe yuko pale benchini?

Zamu ya Angetile ilipofika, daktari akauliza, "Baba wa mume wako anaitwa nani?"

Angetile akatazama chini.

"Mama, jina tu. Watu wanasubiri."

Mbele yake Zebedayo alikuwa anashusha mkono wa shati na kujisifu kwamba hakuogopa sindano.

"Zebedayo," akasema Angetile.

"Yule pale?"

"Ee."

Akajiambia haina neno. Jina ni jina. Ugonjwa wanautafuta kwenye damu.

Gari lilirudi mpunga ulipokwisha kuvunwa. Daktari akaja hadi uwanjani kwa Nsajigwa, na majirani wakamfuata maana kufuata hakulipiwi. Marta alikuwa anapepeta mchele. Angetile alimpakata Asifiwe. Mzee mwenyewe, kwa sababu ya mkwewe, alisimama nyuma ya uzio wa matete, akisikiliza.

Daktari akasema mtoto ana seli mundu. Nusu ameipata kwa baba, nusu kwa mama, ambao wao wenyewe hawaumwi. Akatoa vidonge, akaeleza jinsi ya kumnywesha maji mengi na kumkinga na malaria. Angetile alilia kwa nafuu. Angalau adui amepata jina.

Angefunga mkoba hapo, Makwale nzima ingekuwa inamsifu mpaka leo.

"Kuna jambo jingine tumeligundua," akasema. "Ile nusu aliyonayo ndugu Tuntufye lazima aliipata kwa mzazi mmoja. Mama Marta hana. Na baba tuliyetajiwa naye hana. Kwa hiyo baba yake wa damu ni mtu mwingine."

Lo! Kuku aliyekuwa anataga aliahirisha. Ungo ukamponyoka Marta, mchele ukamwagika, na hakuna aliyeinama kuuokota. Nyuma ya uzio, kifua kilichokohoa miaka yote kilinyamaza. Anyisile, mtoto wa mdogo wake mzee, akageuza shingo polepole kulitazama shamba la mpunga ambalo Tuntufye angerithi.

"Unasema nini, mwanangu?" Marta aliuliza.

"Ni sayansi, mama. Haina hasira na mtu."

"Huyo baba mliyetajiwa ni nani?"

"Majina hatutaji. Ni siri."

"Siri!" Marta akashika kiuno. "Hili la kunivua nguo uwanjani mwangu si siri, jina ndilo siri? Tuliwapa damu mtazame ugonjwa wa mtoto. Nani aliwatuma mchungulie kitanda changu?"

Tuntufye alikuwa anamtazama mama yake kama anayemtazama mgeni aliyeshuka kwenye basi. Angetile aliliona jicho hilo. Pale uwanjani ni yeye na daktari tu waliojua nani aliandikwa.

"Daktari," akasema, "uliyemwandika ni Zebedayo."

"Mimi?" Zebedayo aliruka. "Mimi nilifuata sabuni!"

"Sabuni ya nani?" mkewe Keziya akamdaka shati. "Utanieleza nyumbani!"

Daktari akafuta miwani. "Sasa baba mkwe wako hasa ni nani?"

Midomo kumi ilifunguka kumjibu. Akainua mkono. "Hapana. Maelezo aliyatoa huyu mama. Ayarekebishe mwenyewe."

Angetile akatazama uzio. Kivuli kilikuwa pale, kati ya tete na tete. Akamkumbatia Asifiwe, akafumba macho.

"Nsajigwa."

Wanawake walijifunika khanga vichwani. Mzee mmoja aliondoka kabisa asije akaitwa shahidi. Marta, ambaye heshima yake ndiyo kwanza imeokolewa, alipiga yowe kuliko wote. "Umemtaja! Gwe! Mbele za watu, na yuko hapo hapo!"

"Vizuri," daktari akasema, maana yeye hakuona kilichovunjika. "Basi nimpime mzee. Tone moja la kidole, tuhakikishe."

"Baba Tuntufye," Marta akauambia uzio, "toa kidole. Toa, hawa wafunge midomo."

"Sitoi," uzio ukajibu.

Anyisile akacheka kidogo.

"Mwambieni kijana afute Zebedayo, aniandike mimi," mzee akasema. "Tuntufye ni mwanangu. Nikikubali nipimwe leo, kesho nani atabaki na mtoto wake hapa Makwale?"

Hapo wanaume wengi waliangalia miguu yao, na wanawake kadhaa wakakumbuka chungu kilichoachwa jikoni.

"Wewe unaitetea Makwale," Marta akasema taratibu. "Na mimi je? Wataniacha na neno hili mpaka kaburini."

Matete yakatikisika, na mkono wa mzee ukapenya kwenye uwazi, kidole mbele. Daktari akaharakisha kutoa sindano.

Marta akamtangulia. Akakishika kile kidole, akakitazama, akakikunja ndani ya kiganja chake, akaurudisha mkono ulikotoka.

"Nilitaka kuona kama atanitolea," akasema. "Wewe daktari, vidonge vya mtoto acha. Ukija tena, njoo na vidonge. Mengine utakayoyaona huko kwenye chupa zako, yabaki huko."

Daktari akafunga mkoba, uso umempauka. Hakuna aliyemsindikiza.

Marta akainama, akaanza kuokota mchele. Angetile akamweka mtoto chini, akainama naye, hathubutu kumtazama.

"Kesho unakwenda Katumba kwa baba yako," Marta akasema bila kuinua kichwa. "Mwambie umemtaja mkwe. Ng'ombe wa faini asiwe amekonda."

"Ndaga, juba," Angetile akajibu, akimwita mama.

"Na mtoto mwache kwangu. Vidonge nitampa mimi."