Shekerpare Zilizogonga Hodi Msibani

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi sioni haya upesi. Nimeshafukuzwa kazi mbele ya wateja, nimeshapanda basi la Durban nikidhani linakwenda Pretoria na nikashuka huku nacheka, lakini kuna sinia moja la vitamu ambalo nikilikumbuka hadi leo natafuta pa kuuficha uso, na kwa kuwa mmeniuliza nilifikaje Rosettenville, basi hakuna namna ya kulikwepa.

Ilikuwa mwaka 2017, miezi ya baridi. Asubuhi hiyo niliamka Jeppestown, kwenye chumba nilichokuwa nagawana na Watanzania wenzangu watatu, nikakunja blanketi langu, nikatia begini, nikaaga. Wakaniuliza unakwenda wapi, nikasema sijui. Hawakushangaa. Ndivyo nilivyo, shule yenyewe niliiacha darasa la sita kwa sababu nilitaka kwenda kuona treni zinalala wapi (zinalala Korogwe nyingine, kama hamjui), na tangu siku hiyo nikikaa mahali mwaka mmoja miguu inaanza kuwasha. Nikatembea. Nikafika kwenye robot, taa za barabarani za huku, ikiwaka kijani navuka, ikiwaka nyekundu nakata kushoto, na kwa mpango huo usio mpango nikajikuta saa nne za asubuhi niko kusini, Rosettenville, mkanda wa begi umekatika na begi limenilalia mkononi kama mtoto mgonjwa.

Mbele yangu nikaona duka la fundi cherehani, na ndani nikasikia mtu anagombana na cherehani yake kwa Kiswahili. Nikaingia kwa furaha.

Alikuwa mama wa Kikongo, wa Uvira, mnene kidogo, miwani puani, anaitwa Mama Neema. Akachukua begi, akashona mkanda bila kunitazama, maana macho yake yote yalikuwa kwenye gauni la kijani lililotundikwa ukutani ndani ya nailoni. Gauni zuri, refu, la mtu mzima, lina nakshi kifuani. Sasa mimi na udadisi wangu ningekaaje kimya?

"Mama, hili ni la nani?"

Mashine ikasimama.

"Lile gauni, papa," akasema, "mwenyewe amekufa."

Ndipo akanieleza, mgeni nisiyemjua hata jina, kama watu wanavyoeleza mambo kwenye basi. Ng'ambo ya barabara kuna mwanamke Mturuki anaitwa Aysel, anauza mapazia na anaishi hapohapo. Miaka sita wamekuwa wakipelekeana wateja, wakila pamoja mchana, Aysel akijifunza Kiswahili kwake neno mojamoja. Mwanzoni mwa mwaka Aysel akaagiza gauni la mama yake mzazi aliyeko kwao Uturuki, akaleta vipimo, akasema nitampelekea mwenyewe nikienda likizo. Na Mama Neema akafanya ambalo mafundi wote wa dunia hii hufanya. Kila Aysel akivuka barabara kuuliza, anajibiwa kesho. (Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili Aysel kulijua.) Kesho hiyo ikafika miezi mitano, na siku moja simu ikaja kutoka Uturuki kwamba mama amefariki. Aysel akapanda ndege mikono mitupu. Mama Neema kwa aibu hakwenda hata kumuaga. Alifunga duka akajifungia ndani, halafu akakaa akalimaliza gauni lote, nakshi na yote, wakati hakuna tena wa kulivaa.

"Amerudi jana," akasema. "Leo watu wanaenda kumpa pole, ona vile viatu pale mlangoni. Nitakosaje kumupa pole? Na nitaingia na nini? Na hili gauni? Atanifukuza mbele ya wamama wote."

Ningeweza kusema pole nikachukua begi langu nikaenda zangu. Lakini mimi nilikuwa nimefanya kazi miezi minne Marshalltown, jikoni kwa Waturuki waokaji, na nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema:

"Mpelekee kitamu cha kwao. Shekerpare. Biskuti za semolina, ule unga wa chenga, zinaloweshwa kwenye shira. Najua kuzipika."

Najua! Ukweli wenyewe ni kwamba kule jikoni mimi nilikuwa naosha masinia. Unga niliuona ukikandwa, hilo sikatai, niliona siagi, mayai, semolina, sukari ya unga, niliona wanavyofanya vidonge, wanavibonyeza, wanatia lozi katikati, tena nilikuwa nakaa pale nimeduwaa hadi naitwa mvivu. Lakini shira walikuwa wanaichemsha alfajiri kabla sijafika. Shira niliijua kwa kuilamba tu pembeni mwa masinia.

Mama Neema akanitazama kwa mara ya kwanza. "Weye? Mwanaume?"

"Mama, mimi ni mtu wa Tanga."

Sijui hilo lilimaanisha nini, lakini lilitosha. Akanipeleka jikoni kwake nyuma ya duka, akaagiza semolina na lozi kwa Mhindi wa kona, na nikavaa aproni ya maua. Unga ukatoka vizuri. Vidonge vikatoka vizuri. Vikaingia ovenini vikapanda vikawa rangi ya dhahabu, harufu ikajaa hadi dukani, na Mama Neema akaanza kuniita "chef". Hapo kichwa kikavimba.

Ikabaki shira. Nikajiambia, shira ni shira, nani atamfundisha mtu wa Tanga shira? Bibi yangu alikuwa anapika kaimati za futari mtaa mzima unapanga foleni, na shira ya kaimati inachemshwa hadi iwe nzito, ukiigusa kwa vidole viwili ivutike kama uzi, kisha unaitia iliki na unazigeuzageuza kaimati ndani yake hadi sukari izikamate, ikauke juu yake nyeupe. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilichemsha ikavutika kama uzi, nikaona raha, nikaichemsha tena kidogo ivutike vizuri zaidi, nikaimwaga ya moto juu ya sinia zima. Tukalifunika kwa kitambaa, Mama Neema akabadilisha kilemba, tukavuka barabara.

Sebule ya Aysel ilikuwa imejaa wanawake. Wawili watatu Waturuki wenye vitambaa vichwani, jirani mmoja Mzulu mzee wanayemwita Gogo, yaani bibi, na wengine wa mtaani, wote wana vigilasi vidogo vya chai mikononi. Aysel alikuwa amekaa katikati, mwembamba, macho makavu. Mama Neema akasema "pole" kwa sauti ndogo. Aysel akamjibu kwa kichwa tu, kisha akatazama dirisha. Baridi ya Julai ilikuwa nje, lakini niliisikia pale ndani.

Nikaona ni zamu yangu kuokoa jahazi. (Nani aliniita?) Nikafunua kitambaa, nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba tumeleta shekerpare, kwa mikono yetu wenyewe. Mmoja wa wale Waturuki akamwangalia mwenzake. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba shekerpare ni kitamu cha sikukuu na furaha, kwamba kupeleka shekerpare kwenye nyumba ya matanga ni kama kuingia na ngoma, lakini pale mimi nilidhani wanashangaa uzuri wake.

Nikalipindua sinia juu ya sahani kubwa, kwa mbwembwe, kama nilivyomwona bosi wangu akifanya. Hakikudondoka kitu. Nikalitikisa. Hakuna. Nikalipiga makofi mgongoni kama mtu aliyepaliwa. Hakuna. Nikaligeuza tena, nikatabasamu, nikasema zimeshikamana kidogo tu.

Gogo akachukua kijiko chake, akagonga juu ya shekerpare. Ko, ko, ko.

Mama mmoja aliyekuwa karibu na korido akainuka, akaenda kufungua mlango wa mbele. Tukasikia anasema, "Karibu!" kisha kimya, kisha akarudi, "Mbona hakuna mtu?"

"Hawu," akasema Gogo, "ni hizi biskuti zimebisha hodi."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniua zaidi. Mama Neema alikuwa anatazama sakafu. Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi akakaa. Mimi nikaomba kisu. Nikakichomeka pembeni mwa biskuti moja, nikakandamiza kwa uzito wangu wote, na biskuti ile ikaruka kama kizibo cha soda, ikagonga ukuta, ikarudi, ikatumbukia ndani ya kigilasi cha chai alichokishika Aysel. Nusu ya chai ikamrukia Mama Neema kifuani.

Jamani. Nikaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, kisu bado kiko mkononi (fikiria mtu anatoka msibani kinyumenyume na kisu), na nikamsikia Mama Neema anasema polepole kwa Kiswahili, bila kumwambia mtu yeyote, "Mungu wangu, nimemuharibia mara mbili."

Aysel alikuwa anatazama kigilasi. Ile biskuti, ndani ya chai iliyobaki, ilikuwa inaanza kulegea, sukari inamong'onyoka inashuka chini. Akaitoa kwa kijiko. Akaila yote, polepole, watu wote tunamtazama mdomo.

"Nani kapika shira?" akauliza.

Nikainua mkono ule ule wenye kisu.

"Shira ya shekerpare ni nyepesi," akasema. "Na ndimu. Unaimwaga ya baridi, biskuti za moto. Wewe umepika gundi." Akalamba kijiko. "Lakini unga ni mzuri."

Akainuka. Akalichukua sinia, akaenda nalo jikoni, na sisi tukamfuata mmoja mmoja kama kuku. Akaliweka juu ya moto, akamwaga maji ya moto, akatia siagi, na bila kugeuka akasema:

"Neema. Ndimu."

Lilikuwa jambo la kwanza kumwambia tangu msiba. Mama Neema karibu aangushe kikapu cha matunda.

Aysel akakamua ndimu, na lile zege langu likaanza kukubali. Likapasuka, likalainika, akaling'oa lote akalihamishia kwenye sufuria, likawa kama uji mzito wa dhahabu wenye vipande vya lozi. Akachukua mwiko. Akasema, na sasa alikuwa anatuambia sote, kwamba kwao mtu akifa nyumba inapika halwa ya semolina, na haikorogwi na mtu mmoja. Kila anayemtakia marehemu heri anashika mwiko, anakoroga, anamtaja. Kule nyumbani wake za kaka zake walikwisha kuipika kabla ndege yake haijatua. Yeye hakuigusa.

Akakoroga. Akasema maneno ya kwao, mafupi. Akampa mwiko mmoja wa wale wenzake, huyo akampa Gogo, Gogo akakoroga huku akinong'ona Kizulu. Kisha mwiko ukarudi kwa Aysel, naye akausogeza mbele ya Mama Neema.

"Miye?" akasema Mama Neema. "Miye sikumujua."

"Jina lake unalo. Kwenye daftari lako."

Mama Neema akaushika mwiko. Ni mlokole yule, nadhani alitafuta sala na haikuja. Akakoroga mara moja, mara mbili, akasema, "Hatice." Halafu akasema kile alichokuwa anakijua kweli, kwa moyo, bila daftari: "Bega kumi na tano. Kifua arobaini na mbili. Mkono ishirini na moja, mkono wa kushoto nusu inchi mfupi. Urefu hamsini na sita." Machozi yakawa yanadondoka kwenye miwani. Aysel akaweka mkono wake juu ya mkono ule ulioshika mwiko, wakakoroga pamoja.

"Wa kushoto aliuvunja utotoni," akasema Aysel. "Alianguka kwenye punda."

Na hapo ndipo alipolia yeye pia, kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu arudi.

Tulikula kile kitu kwa vijiko, tumesimama jikoni. Hakikuwa shekerpare na hakikuwa halwa. Gogo aliongezwa mara tatu. Iliki yangu, nasema tu, ilisifiwa.

Tulipokuwa tunavaa viatu Aysel akaja mlangoni. "Gauni liko wapi?"

"Iko dukani. Nilimaliza."

"Nitalivaa mimi. Punguza urefu, mimi mfupi kuliko yeye. Lini?"

Mama Neema akafungua mdomo. Niliona neno linapanda, miaka thelathini ya ufundi ikiwa nyuma yake, na wanawake wote mlangoni wakaliona. Akafunga mdomo, akameza.

"Leo," akasema.

Tulivuka barabara. Dukani alilitoa gauni kwenye nailoni, akalilaza mezani, akashika makasi, ndipo akakumbuka kwamba mimi bado nimesimama pale na aproni ya maua.

"Weye unalala wapi leo?"

"Sijui, Mama."

"Nyuma ya jiko iko chumba. Iko na kitanda, ondoa vitambaa ulale." Akanirushia ufunguo. "Lakini jiko yangu usiiguse. Sikia? Hata maji ya chai, unaniita miye."

Nikaapa, na kiapo kile nimekishika. Semolina sijaigusa tena kwa mkono wangu, na mtu akiniuliza kama najua kitu fulani namjibu nilikiona, niliosha sinia lake, basi. Jua la alasiri lilikuwa bado linaingia dirishani. Niliketi kitandani kati ya marobota ya vitambaa, nikawa nasikiliza cherehani upande wa pili wa ukuta: inakwenda, inasimama, inakwenda tena. Kila iliposimama sikuthubutu hata kukohoa, nisije nikamkosesha kipimo.