Mara Saba, Moja kwa Udongo

Mbwa wa polisi hasemi uongo, ati. Nani kasema? Mimi niliwaona wawili, siku moja, chumbani mwetu Eastlands, miaka ile ya sabini, na tangu siku hiyo mtu akianza kunisifia pua ya mbwa namkatiza.

Tulikuwa watatu: mama yangu, mzaliwa wa Pwani aliyekuwa akiuza mahamri mtaani, kaka yangu, fundi wa viatu vya ngozi pale Kariokor, na mimi, niliyekuwa nikishona mashati kiwandani Industrial Area. Jumamosi moja asubuhi polisi walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta bangi. Aliyeshika mbwa alikuwa bwana mmoja mwenye shingo nene, hata salamu hakutoa. Mbwa alizunguka chumba, akalamba mswala wa mama, akaelekea mlangoni atoke. Yule bwana akamvuta kwa kamba, akaligonga kwa buti gunia la vipande vya ngozi vya kaka yangu, mara mbili. Mbwa akaketi, ishara yao kwamba bangi ipo. Akatupiwa mnofu wa nyama kutoka mfukoni. Kwa nyama hiyo hata mimi ningeketi.

Walimwaga gunia, wakapasua godoro, wasipate hata mbegu. Badala ya kutuomba radhi, bwana akasema mbwa wake hajawahi kukosea, na angeenda kuleta wa pili athibitishe. Kaka yangu akaambiwa asitoke. Mlangoni akaachwa askari mmoja.

Sasa, mama hangeswali mahali palipolambwa na mbwa. Najisi hiyo huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na adhuhuri ilikuwa inakaribia. Tuliosha mswala, sakafu, hata gunia. Udongo niliuchota mwenyewe nyuma ya nyumba. Yule askari alituangalia tu, akainua miguu maji yapite.

Mbwa wa pili alinusa kila pembe, asiketi popote. Nikashusha pumzi, mjinga mimi, nikidhani yameisha. Yule bwana akatazama sakafu iliyolowa, akatabasamu. Wa kwanza aliketi kwa sababu bangi ilikuwapo, akasema. Wa pili hakuketi kwa sababu tumeiosha. Akauliza nani kaosha. Mama akasema ni yeye, akaanza kumweleza habari ya najisi, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. Hakumaliza. Pingu zilikuwa zishatolewa, za kumfunga yeye, kwa kuharibu ushahidi.

"Mwacheni mama," kaka yangu akasema. "Bangi ni yangu."

Hapakuwa na bangi. Kaka yangu hata sigara hakuijua! Mama alimsihi aseme kweli, akamwapisha kwa maziwa aliyomnyonyesha. Yeye akanyoosha mikono afungwe.

Alikaa jela mwaka mzima. Hakimu hakumuuliza kitu. Mtu kakiri mwenyewe, aulizwe nini? Na katika kitabu cha yule mshenzi wa shingo nene, naapa, mbwa wake wa kwanza aliandikwa kuwa amepatia.