Kutafuta Mji Unaomkubali Ng'ombe

Niliondoka kijijini kwetu Nkoma kwa sababu ya ugomvi wa ndani. Serikali ilikuwa imefungulia biashara, kila kitu ruksa, nami nilitaka kuhamishia cherehani yangu mjini. Mume wangu alikataa katakata. "Mama Kulwa, mjini ng'ombe nitamfunga wapi? Kitandani?" Tulikaribia kuishi mbalimbali, mimi huko na yeye huku, na jambo hilo liliniuma sana.

Bariadi niliingia asubuhi, juu ya lori la pamba. Kwetu ukisema "mjini" ni hapo. Maduka yalijaa redio, sabuni za rangi na marobota ya mitumba. Lakini barazani mafundi cherehani walikuwa wamebanana, na uani kwa mwenyeji wangu hapakuwa na nafasi hata ya kuku. Nikapanda basi kwenda Mwanza kwa dada yangu, Nyamizi, nikaone mji mkubwa wenyewe.

Mwanza, jioni. Maghorofa, honi, watu wanatembea kama wamechelewa kikao. Nikajisemea nimefika. Wapi! Dada alinipitisha katikati ya mji, tukapanda kilima, tukapanda tena, hadi kwenye nyumba zilizotawanyika kati ya majabali, mahindi yakiwa uani.

Asubuhi jirani yake alisimama mlangoni na kikapu, akatuamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka! Naenda mjini, niwaletee nini?"

"Kwani hapa ni wapi, mama?"

"Hapa ni nyumbani," akacheka. "Nampelekea fundi suruali hizi za mitumba azipunguze. Huku hatuna fundi."

Nyuma ya ukuta wake ng'ombe akalia. Nilifurahi mno, nikakimbia kumwangalia.

Nikirudi, nilishuka Bariadi na kutembea hadi nyumba zinapoanza kuachana. Viwanja vilikuwepo, na fundi sikumwona.

Nkoma, nyumbani. Nilimweleza mume wangu kwamba mji una katikati yake, penye kelele na kodi kubwa, na una pembezoni, ambako watu wanalala, wanalima na kufuga. Nilikuwa nimeutafuta mji mahali pasipo pake.

"Na huyo ng'ombe wa Mwanza anachungwa wapi?"

"Hachungwi, Baba Kulwa. Wananunua majani."

"Majani? Yanauzwa?" Alisimama. Amechunga tangu utotoni. "Anayeuza ni nani?"

"Yeyote mwenye mundu."

Alfajiri sikumkuta kitandani. Alikuwa uani ananoa mundu, akaniuliza gari la Bariadi linapita saa ngapi.